Tulimpiga kalamu kwa sababu ya penalti, sasa anaenda Kombe la Dunia

Wewe ulikuwa wapi usiku wa Juni 27, 2019? Mimi nakumbuka vizuri. Nilikuwa Nuu, kule ndani Kitui, kwa banda la video hapo sokoni, nimebanwa kwenye benchi la mbao na vijana kama arobaini hivi. Saa tano usiku. Kenya dhidi ya Tanzania, AFCON, mechi inachezwa Cairo.

Kama hujawahi kufika Nuu, usijali, wengi hawajafika. Unashuka Mwingi, unaingia Probox mkiwa tisa kwa gari la watu watano, halafu mnakula vumbi mpaka uone vilima vya mawe mbele yako. Hapo ndipo kwa susu wangu. Mchana watu wanahangaika na ndengu na mbuzi. Usiku kama kuna mpira, wote tuko bandani.

Basi dakika ya sita Simon Msuva akatufunga. Banda likanyamaza. Dakika ya 39 Michael Olunga akapiga tikitaka, mpira ndani. Watu wakarukiana. Kabla hata hatujakaa chini, Mbwana Samatta akafunga la pili la Tanzania. Mzee mmoja nyuma yangu akasema tu, “Ai mwaitu!” na akatoka nje. Alikosa. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga akamaliza kazi. 3-2. Mnajua vile watu walishangilia? Mbwa wa soko lote walibweka mpaka saa nane.

Na kando ya uwanja, kwenye skrini, alikuwa amesimama Mzungu mmoja ambaye jina lake hakuna mtu bandani alijua kulitamka. Sébastien Migné. Tulisema “Migine”, tukasema “Mini”. Jina linatamkwa Minye, lakini usiku ule ungemwita hata Mutua angeitika.

Wiki sita baadaye, huyo huyo alikuwa hana kazi.

Nataka nikuambie habari yake leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, jamaa anaenda Kombe la Dunia 2026 akiwa kocha wa Haiti, na kundi lake lina Brazil. Ya pili nitakuambia mwishoni.

Kiungo ambaye hukumsikia

Migné alizaliwa Ufaransa mwaka 1972. Huo ni mwaka ule ule aliozaliwa Zinedine Zidane, na wote walicheza kiungo. Hapo kufanana kwao kunaishia. Zidane alibeba Kombe la Dunia 1998. Migné hakuwahi kuvaa jezi ya timu ya taifa ya Ufaransa hata mara moja. Hakuna mtu mtaani kwenu aliyewahi kuwa na picha yake kwa ukuta.

Hapo wengi wangekata tamaa. Si unajua vile tunafikiria? Kama hukuwa staa uwanjani, utamfundisha nani? Yeye alichukua njia nyingine. Alienda kuwa msaidizi.

Bosi wake alikuwa Claude Le Roy, Mfaransa mwenye nywele ndefu ambaye amezunguka Afrika kuliko wafanyabiashara wa mitumba. Huyo ndiye aliyeipa Cameroon ubingwa wa Afrika mwaka 1988. Migné alimfuata DR Congo, akamfuata Congo-Brazzaville, akamfuata Togo. Miaka inapita, yeye bado ni yule mtu wa pili kwenye benchi. Anapanga mazoezi, anatazama video za wapinzani, na akiulizwa swali na mwanahabari, swali lenyewe ni “Le Roy yuko wapi?”

Hiyo kazi ya mtu wa pili haina picha nzuri za kuweka kwenye simu. Lakini ndiyo ilimfundisha Afrika. Alijua kusafiri na timu ambayo tiketi za ndege zimechelewa. Alijua kuongea na mchezaji ambaye hajalipwa marupurupu. Mwaka 2017 Congo-Brazzaville wakampa timu yao akiwa kocha mkuu. Mei 2018 tukamchukua sisi.

Miezi kumi na tano ya Kenya

Kumbuka tulikuwa wapi wakati huo. Mara ya mwisho Kenya kucheza AFCON ilikuwa 2004 kule Tunisia. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa ameshaingia sekondari. Kocha kabla yake, Mbelgiji Paul Put, alikuwa ametupatia kombe la CECAFA Desemba 2017, halafu Februari akatuaga baada ya miezi michache tu. Na kwenye kufuzu kwa AFCON 2019 tulikuwa tumeanza vibaya kwa kuchapwa 2-1 na Sierra Leone ugenini.

Migné akaanza polepole. Juni 2018 akaenda na timu India, wakafika fainali ya kombe dogo kule Mumbai, Sunil Chhetri akatupiga mbili. Hakuna aliyejali sana.

Halafu ikaja Septemba 8, 2018. Kasarani. Ghana. Wewe unajua Ghana ni nani katika mpira wa bara hili. Kabla ya mapumziko, beki wao Nicholas Opoku akajifunga, na Kenya ikashikilia hilo bao moja kama mama anavyoshika nauli ndani ya matatu. 1-0. Mwezi uliofuata wakaenda Ethiopia wakatoka sare tasa, wakarudi Kasarani Oktoba 14 wakawafunga hao Waethiopia 3-0: Olunga, Eric Johana na penalti ya nahodha Victor Wanyama.

Tuseme ukweli wote. Bahati nayo ilikuwepo. Sierra Leone ilikuwa imefungiwa na FIFA, na mwishoni mwa Novemba CAF ikawaondoa kwenye kundi na mechi zao zikafutwa. Ile tuliyopoteza ikafutika pia. Tukawa tumefuzu na mechi moja mkononi, ile ya Accra ambayo Ghana walitufunga 1-0. Lakini bahati haikufunga yale mabao matatu dhidi ya Ethiopia. Tulimaliza na pointi saba katika mechi nne, tukiwa nyuma ya Ghana tu. Baada ya miaka 15, Kenya ilikuwa imerudi.

Kelele nazo hazikukosa. Alipotaja kikosi chake, Jesse Were, straika aliyekuwa akifunga kila wikendi kwenye ligi ya Zambia, hakuwemo. Mtandaoni watu waliwaka moto. Timu ikaenda kambi Ufaransa, na huko beki Brian Mandela akaumia goti na kukosa mashindano. Kwenye mechi za kupasha misuli waliwafunga Madagascar 1-0 na kutoka 1-1 na DR Congo. Si mbaya.

Cairo kwenyewe walianza na Algeria, wakapigwa 2-0. Wakati huo tuliona ni aibu. Baadaye Algeria hao hao walibeba kombe. Halafu ile ya Tanzania ambayo nimeshakusimulia. Mechi ya mwisho ilikuwa Senegal, na hapa hesabu ilikuwa rahisi: sare moja tu ingetosha kutupeleka raundi ya pili. Kipa Patrick Matasi akapangua penalti ya Sadio Mané. Saa nzima 0-0. Pale Nuu tulikuwa tumeanza kuamini. Dakika ya 63 Ismaïla Sarr akafunga, Mané akaongeza mawili, Philemon Otieno akala nyekundu, kwisha. 3-0. Senegal nao walifika fainali.

Yaani tulikuwa kundi moja na timu mbili zilizocheza fainali. Hiyo mtu alikuambia wakati ule? Mimi hakuna aliyeniambia. Sote tulikuwa tunataka kichwa cha mtu.

Penalti za Kasarani

Kichwa kilipatikana Agosti. Mechi za kufuzu CHAN, yale mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Hakuna Olunga, hakuna Wanyama. Wapinzani tena Tanzania. Dar es Salaam 0-0. Kasarani, Agosti 4, 0-0. Penalti: Tanzania 4, Kenya 1.

Mwezi huo huo shirikisho la soka, FKF, likatangaza kwamba wameachana kwa makubaliano. Wewe na mimi tunajua maana ya maneno hayo. Kocha aliyewapeleka AFCON baada ya miaka 15 aliondoka kwa sababu vijana wetu hawakupiga penalti vizuri Jumapili moja.

Sisemi hakuwa na makosa. Dakika 180 bila bao dhidi ya majirani ni kitu cha kuuliza. Kumwacha Were pia ni kitu cha kuuliza. Timu yake wakati mwingine ilikaa nyuma mpaka ukasinzia. Lakini angalia kilichofuata. Francis Kimanzi alipewa timu, akaenda Misri akatoka sare ya 1-1 kwao Novemba 2019, na Oktoba 2020 naye akaondoka. Akaja Ghost Mulee, akaondoka Septemba 2021. Akaja Engin Fırat wa Uturuki, akajiuzulu Desemba 2024. Katikati FIFA ikatufungia Februari 2022, tukakosa hata kushiriki kufuzu kwa AFCON iliyofuata. Hesabu mwenyewe: tangu Migné aondoke, Kenya haijafuzu AFCON hata mara moja. Ile ya 2027 tutacheza kwa sababu sisi, Uganda na Tanzania ndio wenyeji. Mwenye nyumba hafukuzwi sebuleni.

Barabara ya kushuka

Sasa rudi kwa jamaa. Ungedhani alitoka hapa akaenda mahali pazuri. Wapi! Alienda Equatorial Guinea, haikudumu. Akaenda Afrika Kusini kwa klabu ya Marumo Gallants mwaka 2021, akakaa muda mfupi, akaonyeshwa mlango. Kocha ambaye miaka miwili nyuma alikuwa anapigana na Mané, sasa hakuna anayempigia simu.

Unajua alifanya nini? Alirudi kuwa msaidizi. Akiwa na umri wa karibu miaka 50, akarudi kwenye kiti kile kile cha mtu wa pili, safari hii Cameroon chini ya Rigobert Song. Watu wangapi wanaweza hilo? Umeshakuwa bosi, umeshaitwa “coach” kwenye runinga, halafu unarudi kubeba koni na kupanga video.

Lakini kile kiti kilimpeleka Qatar. Desemba 2, 2022 alikuwa kwenye benchi la Cameroon wakati Vincent Aboubakar alipoifunga Brazil dakika za mwisho, akavua jezi kwa furaha na kupewa nyekundu huku anatabasamu. Brazil 0, Cameroon 1. Cameroon hawakusonga mbele, lakini Migné alikuwa ameonja Kombe la Dunia.

Nchi ambayo hajaikanyaga

Machi 2024 Haiti ikampa timu. Na hapa, ndugu yangu, dada yangu, ndipo habari inarudi tena Kenya.

Maana Juni mwaka huo huo, polisi wa Kenya walipanda ndege kwenda Port-au-Prince. Labda unamjua mtu aliyeenda. Labda mlisoma naye. Walienda kuongoza kikosi cha kimataifa cha kupambana na magenge yaliyokuwa yameteka sehemu kubwa ya mji mkuu. Baadhi yao hawakurudi wakiwa hai, na kuna familia hapa nyumbani ambazo haziwezi kusikia jina Haiti bila kulia.

Magenge hayo ndiyo yaliyofanya uwanja wa taifa wa Haiti, Sylvio Cator, usichezeke. Timu ikawa haina nyumba. Mechi zao za nyumbani walichezea Curaçao, kisiwa kingine kabisa. Na Migné? Mpaka siku timu inafuzu, hakuwa amekanyaga Haiti hata siku moja. Ilikuwa hatari mno. Kazi yake aliifanya kwa simu, kwa video, na kwa ndege za kufuata wachezaji waliotawanyika Ufaransa, Marekani na kwingineko. Fikiria unajenga nyumba kwa shamba ambalo hujawahi kuliona.

Kundi lao lilikuwa na Honduras, Costa Rica na Nicaragua. Hakuna aliyewapa nafasi. Walianza na sare tasa dhidi ya Honduras. Wakaenda Costa Rica wakatoka 3-3, mabao yote ya Duckens Nazon. Wakapiga Nicaragua 3-0. Halafu Oktoba Honduras wakawatandika 3-0.

Hapo ndipo ningependa uweke alama. Kichapo cha 3-0, kundi linaponyoka, kocha hajawahi kufika nchini. Kwetu angekuwa ameshapigwa kalamu asubuhi yake, na jioni kuna kikao na wanahabari. Haiti hawakumgusa. Novemba 13 wakaifunga Costa Rica 1-0. Novemba 18, 2025 wakaifunga Nicaragua 2-0, Louicius Deedson na Ruben Providence, huku Honduras na Costa Rica wakitoka sare kwingine. Haiti pointi 11, Honduras 9. Kombe la Dunia!

Tarehe hiyo kwa Wahaiti si tarehe ya kawaida. Novemba 18, 1803 ndiyo siku ya vita vya Vertières, walipolishinda jeshi la Ufaransa na kufungua njia ya uhuru wao. Miaka 222 baadaye, siku ile ile, Mfaransa ndiye aliyewapeleka Kombe la Dunia. Mara ya mwisho walikuwa huko mwaka 1974, wakati Emmanuel Sanon alipomfunga Dino Zoff wa Italia, kipa ambaye hakuwa amefungwa katika mechi za kimataifa kwa dakika 1,142.

Picha za Port-au-Prince usiku ule uliziona? Watu walijaa barabarani, mitaa ile ile ambayo hawakuthubutu kutembea usiku. Mpira haukuwaondoa magenge, hebu tusidanganyane. Lakini kwa usiku mmoja barabara zilikuwa za wananchi.

Droo ikawaweka kundi C: Scotland, Brazil na Morocco. Ndiyo, Brazil tena.

Sababu ya pili

Nilikuahidi. Ule usiku wa Tanzania, nilikuwa nimefika kwa susu wiki tatu nyuma. Watu wa Nuu walidhani niko likizo. Sikuwa likizo. Nilikuwa nimeacha chuo. Karo ilikuwa imenishinda, na tukisema ukweli, masomo yenyewe yalikuwa yamenishinda pia. Nilifeli, nikarudia, nikafeli tena. Nilikuwa sijamwambia mtu. Susu aliniuliza mara moja tu, “Unarudi lini?” Nikasema Septemba. Hakuuliza tena, na nadhani alijua.

Agosti niliposoma kwamba Migné ametimuliwa, nakumbuka nilifurahi. Nakuambia bila aibu. Nilifurahi kwamba kuna mtu mwingine, tena mkubwa, ambaye naye ameonyeshwa mlango hadharani.

Kule Nuu kuna jamaa wa bodaboda ambaye jioni hufundisha vijana mpira kwenye uwanja wa mchanga, karibu na mto ule ambao maji yake lazima uyafukue. Hana filimbi, anapiga mluzi kwa vidole. Mwaka ule aliniambia nije nimsaidie, kwa sababu nina simu nzuri na najua kuandika. Niliona ni kunishusha. Mimi, mtu wa chuo, niandike majina ya watoto kwa daftari? Nilienda kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Niliandika majina, nikaandika matokeo, nikaanza kuandika ripoti fupi za mechi na kuziweka mtandaoni. Watu wa Nuu walioko Nairobi na Mombasa wakaanza kusoma. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi hii unayoisoma sasa.

Yeye mwenyewe baadaye alienda kusomea cheti cha ukocha cha daraja la D, kile cha kwanza kabisa cha CAF, ambacho FKF huandaa. Kutoka D kuna C, kuna B, kuna A. Yuko chini kabisa ya ngazi, na bado anabeba abiria asubuhi. Nikimtumia habari za Haiti alijibu kwa neno moja, “Pole pole.”

Sitakudanganya kwamba ukiacha chuo utafanikiwa. Kama unaweza kumaliza, maliza. Mimi mpaka leo kuna milango imenifungia. Na sitakuambia kwamba kila anayetimuliwa huishia Kombe la Dunia. Wengi hawafiki. Ninachosema ni kwamba Migné aliporudi kuwa msaidizi kule Cameroon, hakuna aliyempigia makofi, na bila kile kiti labda simu ya Haiti isingelia. Mara nyingi kazi inayokufufua ni ile unayoiona ndogo kwako.

Na kwa wale wanaoshika kalamu ya kufuta makocha wetu: Benni McCarthy alikuja Machi 2025, na Agosti vijana wake wakaifunga Morocco na DR Congo kwenye CHAN hapa hapa Kasarani, kabla ya kutolewa robo fainali na Madagascar. Kwa nini? Penalti. Safari hii hatukumpiga kalamu. Labda tumejifunza kitu.

Juni 2026 nitakuwa Nuu. Banda bado lipo, skrini ni kubwa kidogo siku hizi. Haiti wakitoka kucheza na Brazil, iwe wamefungwa tano au wamefanya maajabu, mimi nitakuwa pale kwenye benchi la mbao. Na safari hii najua kulitamka jina lake.